Tungule za porini uani: kutoka mbegu hadi kichala, kwa mtu wa Lamu

Tungule (nyanya) za sokoni hutufikia Lamu zikiwa zimeshachoka. Zinapanda lori mpaka Mokowe, zinavuka kwa boti mpaka gatini, kisha mkokoteni au mgongo wa punda hadi mezani karibu na Ngome. Anayeamua kujipandia mwenyewe zile kubwa mara nyingi huishia na mti mnene wenye maua yanayopukutika. Mchanga wetu hauna nguvu, visima vingi vina chumvi, na usiku wa kaskazi haupoi. Kwa hali hiyo ningependa watu wengi zaidi wajaribu tungule za porini, zile nyekundu ndogo ambazo tunda lake halizidi kipenyo cha sentimita moja hivi.

Jina lake la kitaalamu ni Solanum pimpinellifolium. Kwao ni Peru na Ekwado, hasa ule ukanda mkavu ulio kati ya bahari na milima ya Andes, na ndizo zilizozaa tungule zote tunazokula leo. Watafiti wa mbegu wamezirudia mara nyingi kuchukua kinga ya mnyauko na ya ukungu wakaitia kwenye tungule kubwa. Mmea huu umezoea ardhi duni na hewa yenye chumvi kabla haujamjua mkulima. Unachohitaji kwako ni matunzo ya karibu katika wiki tano za mwanzo. Baada ya hapo upe nafasi, kamba na maji ya kiasi, wala usiudekeze. Wengi wanaoharibu tungule hizi huziharibu kwa mbolea nyingi.

Kupata mbegu yenyewe

Pwani yetu ina tungule ndogo zinazojiotea jalalani, pembeni mwa mashamba na kwenye mifereji ya maji machafu. Nyingi ya hizo si za porini halisi, ni tungule ndogo za kawaida zilizotoroka bustanini. Ukitaka kujua, kata tunda: la porini ni dogo mno na lina vyumba viwili tu vya mbegu. Kichala chake ni kirefu, na matunda kumi au zaidi yamejipanga kulia na kushoto ya kikonyo kimoja. Ua lina petali nyembamba zilizochongoka. Jani ukilipitisha vidoleni ni laini, halina manyoya mengi wala pembe zake hazikuchanika sana. Tunda likifika sentimita mbili au tatu, huyo ni jamaa tu. Jamaa naye si mbaya, na maelekezo haya yote yanamfaa, ila usiuziwe kwa jina la mwenzake.

Watoto waonyesheni mapema tofauti ya tungule na tunguja. Tunguja ana miiba, jani lake lina rangi ya kijivu, na tunda lake likiiva huwa la manjano. Lile ni sumu.

Kuna wanaoagiza mbegu nje. Mbegu za tungule zinaweza kubeba virusi, kwa hiyo sheria ya Kenya inataka kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kitolewe kabla mbegu haijasafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Binamu aliyeko Uingereza asikutilie mbegu ndani ya bahasha ya kadi ya Idi. Njia nyepesi ni kumwomba matunda mabivu mtu ambaye tayari anazo. Matunda machache tu yanakupa mbegu kuliko utakazohitaji.

Matunda hayo yaponde kwa vidole ndani ya glasi, tia maji kidogo, funika kwa kitambaa, uweke kivulini. Mbegu ya tungule imezungukwa na ute unaoizuia isiote ikiwa bado ndani ya tunda, na ute huo huondoka kwa kuchachuka. Vitabu husema siku tatu au nne. Kwa joto letu siku mbili zinatosha, na ukizembea utakuta mbegu zimeanza kutoa mizizi humo humo. Utaona utando mweupe juu na harufu kali kidogo. Jaza maji, koroga, acha litulie: mbegu nzima huzama, maganda na mbegu tupu huelea. Mwaga vya juu, rudia mpaka maji yawe meupe. Zianike kwenye sahani ya kauri kivulini penye upepo, uzikwangue kwa ukucha kila siku zisigandamane. Karatasi haifai, maana mbegu hushika na hazibanduki tena. Juani juu ya bati pia si mahali pake.

Charles Rick, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California aliyezunguka Amerika ya Kusini akikusanya tungule za porini, aligundua kwamba mbegu za aina moja ya visiwa vya Galápagos huwa ngumu kuota, lakini huota vizuri zikishapita tumboni mwa kobe wakubwa wa huko. Hizi zetu si kaidi kiasi hicho. Hata hivyo, mbegu za zamani au zilizotoka kwa mtu usiyejua bustani yake ziloweke kwa nusu saa katika mchanganyiko wa nusu Jik na nusu maji. Ganda hulainika na vijidudu vya juu hufa. Zisuuze kwa maji mengi mpaka harufu iondoke, na uzipande siku hiyo hiyo.

Wakati: fuata pepo, si kalenda ya bara

Vipindi vya redio na video za kilimo huzungumza na mtu wa Kirinyaga. Sisi tuna kusi na kaskazi.

Mvua zetu kubwa hushika Aprili na kufikia kilele Mei. Mche mchanga ukikutwa na mvua hiyo huoza shingo. Kaskazi nayo, hasa Februari na Machi, huleta joto ambalo chavua ya tungule hailiwezi: mchana ukipita nyuzi 32 hivi na usiku usipoe, ua hufunguka, hukaa siku mbili, kisha hudondoka na kikonyo chake. Tungule za porini huvumilia kuliko zile kubwa, lakini nazo zina mpaka.

Kwa hiyo weka mbegu Juni, mvua ikianza kulegea. Julai hamisha miche. Agosti, ambapo usiku wetu una ahueni kuliko miezi mingine, mmea uwe tayari una maua. Tunda la kwanza lianze kuiva Septemba, na uchume mpaka Desemba. Aliyeko Malindi, ambako mvua za vuli ni nzuri kidogo kuliko za Lamu, anaweza kupanda tena mwanzoni mwa Oktoba, ila atajua kwamba maua ya Januari yatapungua.

Udongo, samadi ya punda na suala la jivu

Ushauri wa kutia jivu la kuni shimoni umetoka kwenye ardhi nyekundu ya bara yenye asidi. Kwetu hauna maana. Ardhi yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na kwenye nyua za mji mkongwe chokaa ya kuta imekuwa ikimeguka na kuangukia udongo kwa vizazi. Chokaa ipo ya kutosha na kupita kiasi. Ukizidisha jivu, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo: majani machanga ya juu yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Ukiona hali hiyo usikimbilie mbolea ya duka. Ongeza mboji, na acha jivu lile usugulie sufuria. Maganda ya mayai nayo yaende kwa kuku.

Tulichojaliwa ni punda. Samadi yake hapatikani mji mwingine Kenya inakookotwa kirahisi hivi, na kwa wenye mabanda huko Langoni au nje ya mji mara nyingi ni bure ukija na gunia lako. Mzee mmoja wa banda huwa anawarudisha wanaochota ya juu: "Mwanangu, hii ya leo itakuunguzia. Chota ile ya nyuma, iliyokwisha kupoa." Anasema kweli. Samadi mbichi huchemka ndani kwa ndani na kuunguza mizizi, tena imejaa mbegu za magugu. Irundike penye kivuli, iloweshe iwe na unyevu bila kuchuruzika maji, funika kwa gunia, igeuze kila baada ya wiki mbili. Ikifika miezi mitatu itakuwa nyeusi, inamong'onyoka mkononi, na haina harufu ya banda. Wakati wa kugeuza toa vipande vya plastiki, maana punda wetu hula takataka na plastiki hutoka kama ilivyoingia.

Kitu cha tatu ni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yanayoshika maji ambayo mchanga huyaachia. Kama umepata nyuzi zilizofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, zimejaa chumvi ya bahari. Ziloweke maji matamu usiku kucha, kamua, badilisha maji, rudia mara tatu. Makumbi makavu ya jikoni hayana tatizo hilo.

Changanya ndoo tatu za udongo wa kawaida, ndoo moja ya samadi iliyooza na ndoo moja ya makumbi. Basi. Atakayetia samadi nusu kwa nusu atapata kichaka kizuri cha majani. Mchanga wa ufukweni usiutumie, wala usichote ule wa matuta ya Shela. Matuta hayo ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya mji.

Mtu wa Malindi aliye karibu na Sabaki ana udongo mwingine kabisa, mzito wa mtoni. Yeye apunguze samadi, na ainue tuta kiasi cha shibiri moja ili mizizi isikae kwenye maji.

Kuotesha

Vyombo vya miche tunavyo jikoni. Nazi ikivunjwa hutoa vifuu viwili, na kimoja kina macho matatu. Lile jicho laini litoboe kwa msumari, umepata tundu la kutolea maji bila taabu. Kifuu kisichokuwa na macho kinahitaji keekee, kwa hiyo kiache kiende kwenye moto. Kifuu kinatosha mche mmoja mpaka majani manne. Asiyekuwa na vifuu atumie pakiti za maziwa, akate juu na kutoboa chini.

Mchanganyiko wa miche upite kwenye chekeche na uwe na samadi pungufu ya hapo, kiasi cha sehemu moja kwa sita. Jaza kifuu, kibinye kwa vidole viwili, mwagia maji, acha yashuke. Weka mbegu tatu, zifunike kwa udongo wa nusu sentimita tu. Mbegu hizi ni ndogo kuliko za tungule za kawaida, na ukizizika chini hazina nguvu ya kupanda juu.

Chungu, yaani sisimizi, ndio adui wa kwanza. Wale wadogo wekundu wanaweza kubeba mbegu usiku mmoja ukakuta udongo mtupu na vishimo vidogo. Panga vifuu kwenye sinia au ubao, uinue juu ya mikebe minne yenye maji. Maji ya mikebe yabadilishe kila siku ya pili, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Funika sinia kwa kitambaa chenye unyevu, uweke mahali penye mwanga bila jua kali. Kwa joto la Juni mbegu huota baina ya siku ya tano na ya nane, chache huchelewa hadi ya kumi na nne. Siku utakayoona shingo ya kwanza imejikunja juu ya udongo, kitambaa kitoke siku hiyo hiyo. Kikibaki mpaka kesho mche hurefuka ukitafuta mwanga, unakuwa mwembamba na hausimami tena. Wape jua la asubuhi mpaka saa nne, kisha kivuli cha kuti. Kila wiki ongeza saa moja au mbili za jua.

Maji katika kipindi hiki yawe ya mvua, au ya kisima kitamu. Mmea mkubwa unaweza kuvumilia chumvi kidogo, mche mchanga hauwezi. Juni bado kuna manyunyu, kwa hiyo tega ndoo chini ya kopo la paa. Nyumba za zamani zenye birika zilikuwa zimelitatua suala hili kitambo, tena zikiwa na samaki wadogo ndani wa kula viluwiluwi vya mbu. Mwagia kwa kuweka kifuu ndani ya sahani ya maji, yapande yenyewe kupitia tundu, kisha kitoe. Ukimimina juu, mbegu huhama na udongo hukaa umelowa usoni, na hapo ndipo ukungu unapokata shingo za miche usawa wa ardhi. Mche ulioanguka hivyo hautibiki. Utoe pamoja na udongo wake, uwanyime maji wenzake siku mbili.

Majani halisi mawili yakitoka (si yale ya kwanza mawili membamba), chagua mche mmoja katika kila kifuu, mwingine ukate kwa mkasi. Usiung'oe, utatikisa mizizi ya mwenzake.

Kuhamisha

Mche ukiwa na majani manne hadi sita na urefu wa kiasi cha kidole cha kati, wiki ya nne au ya tano, uko tayari. Hamisha baada ya alasiri, jua likiwa limelala, upate usiku mzima wa kutulia.

Mahali pawe na jua la saa sita au zaidi. Hili ni gumu ndani ya nyumba za mji mkongwe, ambako ua wa ndani umezungukwa na kuta ndefu na jua hupita kama mgeni mwenye haraka. Wengi hupanda juu, kwenye paa la sakafu. Ni pazuri, lakini dumu la lita 20 lililojaa udongo uliolowa hukaribia kilo 30, na paa hizo zimebebwa na boriti za mikoko. Madumu yapangwe kandokando juu ya ukuta, kamwe yasirundikwe katikati ya boriti. Kama dari lako tayari lina ufa au boriti imeanza kuinama, panda chini.

Katika ardhi acha mita moja kati ya shina na shina. Inaonekana nyingi mno siku ya kwanza. Mwezi wa tatu utakuwa huna pa kupita. Katika dumu, shina moja tu, na tundu tano au sita chini. Kifuu kipasue kwa nyundo taratibu, toa bonge la udongo likiwa zima, na uzike shina mpaka karibu na majani ya kwanza. Sehemu iliyozikwa itatoa mizizi mipya. Mwagia kata mbili za maji, tandaza makumbi au majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa, na uweke kuti la kivuli kwa siku tatu.

Usipande mahali palipokuwa na bilingani, pilipili, mnavu au tungule nyingine msimu uliopita. Mchanga wa pwani hupendwa na minyoo ya mizizi isiyoonekana kwa macho, na mimea hiyo yote huilisha. Ung'oapo mmea mwisho wa msimu, angalia mizizi: ikiwa na vinundu vinundu, eneo hilo lipumzishe, usirudishie mimea ya jamii hiyo. Kwenye madumu ni rahisi zaidi, unamwaga udongo na kuweka mwingine.

Fito, kamba na upepo

Mtungule wa porini hauna urefu maalumu wa kusimama. Hutambaa, hupanda, huanguka juu ya ukuta wa jirani, na kwenye ardhi nzuri hufika mita mbili kwenda kila upande. Kijiti kimoja hakitoshi. Simamisha fito tatu au nne kwa duara, zifunge juu, uzungushe kamba ya makumbi kila baada ya shibiri. Fito za zamani zilizotoka kwenye paa lililobomolewa ndizo bora, maana zimekauka na hazitoi gharama wala mikoko mipya haikatwi. Matawi yafungwe kwa kamba legevu, fundo la namba nane, shina linene bila kujikata.

Watu huuliza kuhusu kuondoa machipukizi ya kwapani. Kwa tungule kubwa, sawa. Hapa utashinda kutwa nzima ukikata na mmea utakushinda. Ondoa yale ya chini, kiasi cha shibiri mbili kutoka ardhini, hewa ipite na majani yasiguse udongo. Ya juu yaache, vichala hutokea huko.

Kusi ya Julai na Agosti huvuma kwa nguvu, na ukiwa karibu na bahari huja na ukungu wa chumvi unaochoma ncha za majani. Weka ukuta wa makuti upande wa kusini. Uwe na nafasi za kupenyeza upepo, kwa sababu ukuta mzito kabisa huufanya upepo uruke juu na kuporomoka nyuma yake kwa nguvu zaidi. Asubuhi baada ya usiku wa upepo mkali, nyunyizia majani maji matamu kidogo, yakauke kabla ya jua kuwa kali.

Maji na chakula

Katika ardhi, mwagilia kwa kina kila siku ya pili au ya tatu. Katika dumu lenye jua na upepo, mmea mkubwa hunywa lita mbili hadi tatu kwa siku. Mwagia chini, kwenye udongo, asubuhi. Mmea ukilegea saa nane mchana na kusimama tena magharibi, hauna shida. Ukiamka umelegea, huo una kiu au una ugonjwa.

Kisima chako kionje. Ulimi ukisikia chumvi waziwazi, maji hayo yaachie kufulia. Ikiwa ni chumvi ya mbali, mtungule wa porini utayakubali, lakini chumvi hubaki kwenye udongo kila maji yanapokauka. Utaiona kwa ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye kingo za dumu. Kila wiki mbili mimina maji matamu mengi kwa mkupuo, yapite hadi yachuruzike chini, yaoshe chumvi hiyo.

Chakula: konzi mbili za samadi iliyooza ua la kwanza likitoka, na nyingine baada ya mwezi na nusu. Kwa dumu, ongeza mara moja kati ya hizo. Ukiona majani mapana ya kijani kilichokolea na maua hakuna, simamisha kila kitu isipokuwa maji.

Ua la tungule hujichavusha, lakini linahitaji kutikiswa. Upepo hufanya kazi hiyo, na pia wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti zetu. Ukimtazama mmoja asubuhi, huning'inia kwenye ua, hutetemesha mwili mpaka mlio wake unabadilika, na unga wa manjano humdondokea tumboni. Mwenye boriti humchukia, mwenye bustani amvumilie. Kwenye ua wa ndani usio na upepo wala nyuki, gonga kamba kwa kidole saa tatu asubuhi.

Wadudu, ndege na kuku

Inzi weupe hukaa chini ya majani na hueneza virusi vinavyokunja majani ya juu. Mche uliokunjamana na kudumaa hautapona, uondoe mapema. Kwa wengine, chuma majani ya mwarobaini, yatwange, yaloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni ya mche iliyokunwa kidogo, unyunyize chini ya majani jioni. Rudia kila wiki, na kila baada ya mvua.

Utitiri huja wakati wa ukavu: majani yana vidoadoa vya manjano na utando mwembamba mno kwa chini. Maji ya nguvu chini ya majani kila asubuhi kwa wiki moja huwapunguza. Tuta absoluta, nondo mdogo aliyeingia Kenya mwaka 2014, huacha njia nyeupe zilizovimba ndani ya jani. Vunja majani hayo, yafunge kwenye mfuko, yaache juani. Usiyatupe kwenye mboji.

Ukungu wa majani huanza chini kwa madoa ya kahawia. Ondoa majani hayo, ongeza hewa, usimwagilie juu.

Lakini hasara kubwa katika mji wetu hailetwi na wadudu. Ni mbuzi aliyeingia mlango ukiwa wazi, kuku anayeparua matandazo, punda anayechungulia juu ya ukuta, na ndege wanaoijua siku tunda linapoiva kabla yako. Chandarua kuukuu juu ya fito huwazuia ndege. Mbuzi zungumza na mwenyewe.

Kuchuma

Siku sitini hadi sabini baada ya kuhamisha, tunda lililo karibu na shina la kichala hugeuka jekundu, na mengine hufuata kwa zamu kuelekea nchani. Ngozi yake ni nyembamba. Ukilivuta kwa vidole hupasuka kwenye kikonyo na halifiki jikoni. Shika mkasi, kata kichala kizima theluthi mbili zake zikiwa zimeiva; zilizobaki zitamalizikia kwenye sahani. Chuma kila siku ya pili. Mbivu zikiachwa hudondoka, na mvua ya ghafla baada ya ukavu huzipasua zote kwa usiku mmoja, kwa hiyo mawingu ya vuli yakikusanyika toka na bakuli.

Ladha yake ni kali na tamu kwa pamoja, ngozi nyingi na maji machache. Kwa mchuzi wa kila siku utachoka kuzikusanya. Zitie nzima kwenye kachumbari ya kitunguu na ndimu, au zitupe kwenye samaki wa kupaka dakika tano za mwisho, zipasukie ndani ya tui. Zilizozidi zikate mbili mbili, zinyunyizie chumvi, zianike juani chini ya chandarua mpaka zikauke kabisa, uziweke kwenye chupa.

Mbegu za mwakani

Tungule za porini huchanganyika na tungule nyingine kwa urahisi kuliko zile kubwa zinavyochanganyika zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu katika maua mengi stigma, yaani ncha ya ua inayopokea chavua, hutokeza nje ya kifuko cha chavua. Ukiwa na aina nyingine uani, au jirani anazo, chagua kichala kimoja kwenye mmea ulio bora, kivalishe kifuko cha kitambaa cha chandarua chembamba maua yakiwa bado hayajafunguka, funga kwa uzi, ukitikise kila asubuhi. Matunda yakishafunga, toa kifuko, weka uzi mwekundu ili mtu wa jikoni asikichume. Acha yaive mpaka yaanze kulegea, kisha chachusha na uanike kama mwanzo.

Mbegu kavu zitie kwenye karatasi iliyokunjwa, andika aina na mwezi, karatasi iingie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana pamoja na konzi ya mchele uliokaangwa kavu na kupoa. Unyevu wa pwani huua mbegu kuliko umri wake. Chupa ikikaa pakavu na kivulini, mbegu hizo zitakuotea miaka minne au zaidi. Na kabla ya kila Juni jaribu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya tano, panda mbegu tano tano kwenye kila kifuu badala ya tatu.